Matembezi ya milima ya Hajar, Oman: panga maji kwanza, kisha saa

Kwenye milima ya Hajar jambo la kwanza kupanga ni maji, la pili ni saa. Mandhari utayapata tu, maana ukifika ukingoni mwa korongo la Wadi Nakhr huhitaji kuyatafuta. Wengi wanaoharibikiwa na safari huku walipanga picha kwanza, maji wakayakumbuka dukani dakika ya mwisho, na saa hawakuipanga kabisa.

Sababu iko kwenye mawe yenyewe. Hajar ya magharibi, yaani Jabal Shams, Jabal Akhdar na majirani zao, kwa sehemu kubwa ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Ukiinama njiani utaona alama za kombe na viumbe wengine wa bahari zimeganda ndani ya mwamba, karibu mita elfu mbili juu ya bahari ya leo. Jiwe la namna hii halihifadhi maji juu. Mvua ikinyesha huzama kwenye nyufa, hupita mapangoni kama lile la al Hoota karibu na al Hamra, na hutokeza chini kabisa kwenye chemchemi. Mwenyeji wa Unguja au Kilwa anayajua haya kwa nyayo zake: ule mwamba wa pwani unaokata miguu na kumeza mvua yote ni ndugu wa huu, ila huu umeinuliwa ukawa mlima. Kwa hiyo hesabu kwamba njiani hakuna maji ya kunywa, hata pale ramani inapoonyesha bonde.

Chagua njia inayolingana na mwenye mwendo mdogo kuliko wote

Njia za miguu huku zimepewa namba zinazoanza na herufi W, na alama yake ni mistari mitatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu, iliyopakwa juu ya mawe. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida asiyezoea milima, ziko mbili za kuanzia.

Ya kwanza ni ya vijiji vya Jabal Akhdar: al Aqr, al Ayn na ash Shirayjah, kwenye uwanda wa Saiq ulio takriban mita 2,000 juu ya bahari. Unapita juu na pembeni ya matuta ya mashamba yaliyoning'inia kwenye ukingo wa bonde, ukiangalia chini kote. Kwa mwendo wa kutua ni saa mbili hadi tatu. Kuna ngazi nyingi za mawe na njia nyembamba, lakini kijiji hakiwi mbali. Hii ndiyo ya kumpeleka mzee, au mtoto wa miaka minane hivi anayesikia akiambiwa.

Ya pili ni W6, inayoanzia kijiji cha al Khitaym kwenye uwanda wa Jabal Shams, mita 1,900 hivi, ikapita kwenye bapa la mwamba lililojitokeza kama rafu katikati ya ukuta wa korongo hadi kijiji kilichohamwa cha as Sab. Urefu ni takriban kilomita 3.5 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mpando si mkubwa, mapafu hayateseki. Kinachotesa watu ni jua na kina: upande mmoja ukuta, upande wa pili mamia ya mita za hewa. Sehemu kubwa ya njia ina upana wa kutosha watu wawili kupishana, ila mwenye hofu ya urefu aambiwe mapema, nyumbani, asije akagundua yuko katikati ya njia.

W4, inayokwenda kilele cha kusini cha Jabal Shams karibu na mita 3,000, usiihesabu miongoni mwa matembezi ya wastani. Inapanda zaidi ya mita 1,000, na kwenda na kurudi humaliza siku nzima. Nenda baada ya kuzifanya zile mbili na magoti yakakubali.

Piga hesabu ya muda

Kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, inasema saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye chokaa iliyovunjikavunjika kanuni hiyo inakudanganya. Tumia kilomita 3 kwa saa, na saa moja kwa kila mita 400 za kupanda.

Tuchukue W6. Kilomita 3.5 kwa mwendo wa 3 ni kama saa moja na dakika 10. Ongeza dakika 20 za kusimama na kupiga picha: saa moja na nusu hadi as Sab. Pumzika dakika 45. Kurudi, njia kwa jumla inapanda kidogo na miguu imeshachoka, kwa hiyo weka saa moja na dakika 45. Jumla ni saa nne kamili. Anayekwambia aliifanya kwa saa mbili na nusu huenda anasema kweli, lakini hakuwa na mama mkwe wako.

Sasa iweke kwenye saa za siku. Mwezi Desemba jua la Oman huchomoza kama saa 12:40 asubuhi na huzama kama saa 11:20 jioni. Anza kutembea saa 1:30 asubuhi, ufike as Sab saa 3:00, ugeuke saa 3:45, uwe kwenye gari saa 5:30 kabla mwamba haujaanza kurudisha joto. Andika saa ya kugeuka kwenye karatasi au kwenye simu, na kila mmoja aijue. Ikifika, mnageuka hata kama kijiji mnakiona kwa macho.

Hapa pana mtego unaowapata hasa waongeaji wa Kiswahili. Dereva au mwenye nyumba ya wageni anayeongea Kiarabu ukimwambia utatoka "saa moja", ataelewa saa saba mchana. Andika kwa namba, 7:00 asubuhi, umtumie kwa ujumbe. Na kama umetoka Tanzania au Kenya, hakikisha simu imeshabadilika: Oman iko mbele kwa saa moja.

Chagua siku

Msimu ni Oktoba hadi Aprili. Juu kuna ubaridi kuliko pwani, kwa kawaida nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Muscat ikiwa na nyuzi 28, al Khitaym itakuwa kama 17. Usiku wa Desemba na Januari kwenye Jabal Shams huweza kushuka chini ya sifuri. Kati ya Mei na Septemba asubuhi juu mlimani huvumilika, ila saa 4 jua likishapiga jiwe jeupe hakuna pa kujificha, na njia za mabondeni ziache kabisa.

Ukitaka mawaridi ya Jabal Akhdar, nenda mwisho wa Machi hadi mapema Mei. Wakulima huchuma alfajiri jua halijakausha harufu, kwa hiyo anayelala hadi saa 3 anakuta vikapu vimeshajaa. Maji ya waridi ya kienyeji, yanayokenekwa kwa moto (mawaridi huchemshwa na mvuke wake kukusanywa), yana rangi nzito kidogo na harufu ya moshi. Hiyo si kasoro, ndivyo yalivyo.

Wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na njia hizi hujaa. Katikati ya juma ni bora. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, jambo linalomaanisha kwamba matembezi ya saa nne hayafai mwezi huo, kwa aliyefunga na kwa asiyefunga.

Halafu mvua. Siku mbili kabla angalia utabiri wa mlima mzima, usitosheke na wa mji unaolala. Mvua ikinyesha kilomita 20 juu yako, bonde kavu unalolipita kwenye jua kali hugeuka mto kwa dakika chache. Jiwe halinywi kwa kasi hiyo, na hakuna udongo wa kuzuia. Ukiona maji yanabadilika rangi kuwa tope, ukisikia ngurumo isiyokoma, au upepo wa baridi ukashuka ghafla bondeni, panda ubavuni hapo hapo, mizigo baadaye. Kuvusha gari kwenye wadi (bonde la mto wa msimu) inayotiririka ni kosa kisheria nchini Oman, na magari husombwa kwenye maji yanayoonekana ya kufika magotini tu. Utabiri ukitaja ngurumo, ahirisha.

Gari na barabara

Kutoka Muscat hadi Nizwa ni kilomita 170 hivi za barabara kuu. Kwenda Jabal Akhdar unapandia Birkat al Mouz, ambako kuna kizuizi cha polisi: gari dogo halipiti, lazima liwe la 4x4, na huulizwa leseni na mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari. Kwenda Jabal Shams unapita al Hamra na kijiji cha Ghul, kisha barabara inapanda kwa kona kali. Njia hii imekuwa na kipande cha changarawe kwa miaka mingi, kwa hiyo kodi 4x4 huko pia, na soma mkataba wa gari kama unaruhusu barabara isiyo ya lami. Wengi hulipia tairi kwa kutosoma mstari huo mmoja.

Kutoka Muscat hadi al Khitaym weka saa tatu na nusu. Ukitaka kuanza kutembea saa 1:30, usitoke Muscat usiku wa manane. Lala Nizwa, al Hamra au uwandani juu. Giza la mlimani lina mbuzi na punda katikati ya kona. Jaza mafuta kabla ya kuanza kupanda.

Maji, chakula na vilivyomo begini

Kwenye baridi mtu mzima anahitaji nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Jua likiwaka, lita nzima. Kwa W6 beba lita 3 kwa kila mtu mzima na lita 2 kwa mtoto, na acha lita 2 nyingine kwa kila mtu kwenye gari. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo gawaneni: kila mtu abebe yake. Mtu mmoja akibeba maji ya wote akaachwa nyuma, mmepoteza maji yote kwa pamoja. Chupa mbili za lita moja na nusu zinafaa kuliko moja ya lita tatu, kwa sababu moja ikipasuka kwenye jiwe, ya pili ipo.

Maji matupu hayatoshi kwa anayetoka jasho jingi. Beba pakiti moja ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwa kila mtu, au tengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima chumvi sawasawa. Ikizidi inamdhuru mtu badala ya kumsaidia. Kwa chakula, tende 10 hivi, karanga za chumvi na chapati iliyokunjwa na yai hushinda biskuti. Halua acha kwenye gari, inaleta kiu.

Wanaoswali wapange mapema: maji ya begini ni ya kunywa, na kama hayazidi, tayamamu ipo kwa hali kama hiyo.

Vingine:
- viatu vyenye soli ngumu na meno, vilivyokwisha kuvaliwa wiki mbili angalau. Chokaa ina ncha kama wembe na soli laini ya raba ya mjini hukatika pembeni;
- kofia pana au kilemba, miwani ya jua (jiwe jeupe huumiza macho kama mchanga wa pwani saa 6), mafuta ya kukinga ngozi;
- koti jepesi la kuzuia upepo na fulana ya joto, hata kama Muscat mlivaa shati tu;
- tochi ya kichwani, filimbi, bendeji pana ya kufungia kifundo, plasta za malengelenge, dawa za kila mtu. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, isikae begini;
- pawabanki, na ramani iliyopakuliwa kabla. Mtandao hupatikana juu ukingoni, ndani ya korongo hukatika.

Nguo zifunike mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Ni vijiji vya watu, na pia ngozi yako itashukuru.

Njiani

Ruhusu mwenye mwendo mdogo atangulie. Hili linawaudhi vijana, lakini kundi linalofuata aliye mwepesi hukatika vipande viwili ndani ya nusu saa, na kipande cha nyuma ndicho huteguka kifundo.

Kuteguka kwenyewe huja hivi. Juu ya bamba la mwamba lililo tambarare hubaki vikokoto vidogo, mviringo, vikavu. Mguu ukitua kisigino kwanza, vikokoto huzunguka kama gololi chini ya kiatu na mtu anakaa chini kwa nguvu, mkono ukiwa nyuma. Hutokea zaidi wakati wa kurudi, kwenye mteremko mdogo ambao hakuna aliyeuhofia. Dawa yake ni hatua fupi, soli nzima itue kwa pamoja, na fimbo mbele ya mguu. Mahali palipokanyagwa na wengi kwa miaka, jiwe hulainika likawa kama sakafu ya msikiti. Hapo pita pembeni penye mikwaruzo, maana hata umande hulifanya liteleze.

Usiingie kwenye ukingo kwa picha. Chokaa hulika kutoka chini, kwa hiyo ubao wa mwamba unaousimamia unaweza kuwa umetokeza hewani bila kitu chini yake, na kutoka juu huwezi kuuona. Kaa mita mbili nyuma. Ukitaka kuchungulia, lala kifudifudi na mtu akushike miguu. Watoto watembee upande wa ukuta, na anayewashika mkono atembee upande wa korongo. Upepo wa kona pia una desturi ya kupiga ghafla: kabla ya kutokeza kwenye pembe ya mwamba, shika kofia na usimame imara.

Fuata alama za rangi. Zikipotea kwa dakika tano, rudi hadi ile ya mwisho uliyoiona kwa macho yako. Vilundo vya mawe usiviamini sana, kwa sababu wageni huvijenga kwa kujifurahisha, na njia za mbuzi zinafanana mno na njia za watu hadi zinapoishia kwenye genge.

Mbuzi wenyewe wa al Khitaym wanajua mabegi. Ukiliweka begi chini wazi na kugeuka, ganda la ndizi, mkate na hata mfuko wa plastiki vitaliwa. Lining'inize au lishike. Wanawake wa pale huuza vikuku na vitu vidogo vya sufu walivyosuka. Beba rial ndogo ndogo.

As Sab ina nyumba za mawe zilizojengwa chini ya mwamba uliojikunja kama paa, na matuta ya shamba ukingoni kabisa. Watu waliishi na kulima hapa hadi miongo michache iliyopita. Ukichungulia ndani utaona masizi ya moshi bado yako kwenye dari la mwamba. Usipande kuta, zimejengwa bila saruji na jiwe moja likitoka hufuatwa na mengine. Juu ya kijiji kuna kidimbwi; kukifikia ni kupanda kwa mikono, na maji yake si ya kunywa.

Kwenye vijiji vya Jabal Akhdar tahadhari ni nyingine. Usitembee juu ya kingo za falaji, ule mfereji wa maji. Kingo ni nyembamba, zikibomoka mkulima anapoteza zamu yake ya maji, na zamu huhesabiwa kwa vipimo vya nusu saa hivi viitwavyo athar. Usinawe miguu ndani yake. Komamanga linaloning'inia njiani lina mwenyewe.

Mambo yakiharibika

Kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu ameanza kunyamaza: ni joto. Mweke kivulini, legeza nguo, lowesha shingo na makwapa, mpe ORS kwa funda ndogo ndogo. Asipopata nafuu kwa nusu saa, matembezi yameisha, mnarudi polepole. Akianza kuongea ovyo, au ngozi ikiwa ya moto na jasho limekauka, hiyo ni hatari ya maisha. Mpooze kwa maji yote yaliyopo, usimnyweshe kama hajitambui, na piga 9999, namba ya dharura ya polisi Oman.

Unapopiga, anza na mahali: "Njia W6, kutoka al Khitaym kwenda as Sab", kisha namba za GPS zilizo kwenye simu, halafu jeraha, idadi ya watu, na chaji iliyobaki. Kama mtandao hakuna, wawili wapande hadi unapopatikana, mmoja abaki na mgonjwa. Ndiyo maana kundi la wanne ndilo dogo kabisa linalofaa. Filimbi mara sita kwa dakika, kisha nyamaza dakika moja, urudie.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu wa Muscat au Nizwa ujumbe wenye jina la njia, idadi yenu, namba ya gari na saa ya mwisho ya kusubiri. Kwa mfano wetu: "Tusipopiga hadi saa 9 alasiri (3:00), piga polisi."

Mkishuka Jabal Akhdar kwa gari, tumia gia ya kwanza au ya pili tangu juu na uache injini ishike gari. Anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo hunusa harufu ya kuungua kabla ya kufika nusu, na baada ya hapo kanyagio huzama bila kushika. Ukinusa, simama kwenye kituo cha pembeni, subiri dakika 20 au 30, usimwagie magurudumu maji ya baridi. Njia za dharura za kupandia zimewekwa kando ya barabara kwa gari lililokosa breki. Zitazame wakati wa kupanda ujue ziko wapi. Chini Birkat al Mouz, ukishapita kizuizi, piga ile simu ya kusema mmefika.